Naipenda kazi ya kufundisha Kiingereza, ila matokeo yananivunja moyo. Niache?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida. Huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Dodoma, anaishi huko na watoto pamoja na mama mkwe. Mimi huwafuata mwisho wa mwezi na wakati wa likizo.

Naomba nianze kwa kusema kwamba ualimu niliutaka mwenyewe. Chuoni wapo waliokuwa wakilalamika kwamba wameangukia huku kwa kukosa nafasi kwingine. Mimi nilijua tangu nikiwa kidato cha tatu kwamba nataka kufundisha Kiingereza, kwa sababu alikuwepo mwalimu aliyenitoa woga wa kusimama mbele za watu nikasema. Nilipopangiwa huku nilikuja na sanduku la vitabu vya hadithi, nikaanzisha kikundi cha kusoma na midahalo kila Jumatano baada ya vipindi. Walianza wanafunzi 9. Leo wanafika 40 na zaidi, wengine wanakaa chini ya mwarobaini kwa sababu madawati hayatoshi. Wapo waliofika vyuo vikuu ambao hunipigia simu hadi leo.

Tatizo ni matokeo. Mwaka jana kidato cha nne wengi walipata D na F katika somo langu. Kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule alisimama na karatasi ya matokeo mkononi akasema mbele ya wote kwamba Jumatano zangu ni michezo, na kuanzia sasa muda huo utumike kufanya mitihani ya miaka ya nyuma. Sikujibu kitu. Kikao kilipoisha nilienda kulia, kusema kweli.

Mama, watoto hawa nyumbani wanaongea Kinyaturu. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili miaka saba. Halafu Januari moja tunawaambia baiolojia, jiografia, hisabati, kila kitu ni Kiingereza. Darasa langu la kidato cha pili lina wanafunzi 83. Nikuoneshe kiwango chao. Niliwapa insha ya “My Father”, mmoja akaandika hivi: “My father she was driver of lorry. She die 2019. She was carry me in front and I see Singida town in the night, many lights.” Nilihesabu makosa, nikampa 4 kati ya 15, nikaandika chini “Work harder”. Na huyo si wa mwisho, ni wa katikati. Kwa sasa simfundishi tena, maana alikamatwa anaongea Kiswahili bombani siku yangu ya zamu, nikamvisha shingoni kibao cha adhabu ya kuongea Kiswahili kama sheria ya shule inavyotaka, kesho yake hakuja, na hii ni wiki ya tano.

Sasa nimepata nafasi katika shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza huko Dodoma. Mshahara ni karibu mara mbili ya huu wangu. Darasa lina watoto 30. Wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Mume wangu anasema niache serikali niende. Mama yangu mzazi anasema nisithubutu kuacha kazi ya serikali. Na juzi binti mmoja wa kidato cha tatu, sijui alisikia kwa nani, alinifuata ofisini akaniuliza: “Madam, ukiondoka Jumatano itakuwaje?” Nilikosa la kumjibu.

Naipenda kazi hii, lakini nimechoka kujitoa halafu kila mwaka narudishiwa karatasi ya F. Niende? Na nikienda, nitakuwa nimewakimbia?

Mwalimu wa Kiingereza, Singida

*

Marahaba, mwanangu.

Nimefundisha Kiingereza miaka 36, kuanzia 1982 hadi nilipostaafu 2018, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mtu anayesikia sauti ya jirani ukutani. Nimeisoma mara tatu. Umeandika kwa kirefu juu ya matokeo, mkuu wa shule na mshahara wa Dodoma. Halafu katikati umeweka sentensi moja kuhusu kijana aliyevishwa kibao, ukaipita mbio, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai. Mimi nitaanzia hapo hapo. Dodoma haitahama.

Tuisome tena insha yake, safari hii bila kalamu nyekundu. Kijana anakwambia baba yake alikuwa dereva wa lori. Anakwambia alifariki 2019. Anakwambia baba alikuwa akimpakia mbele, na usiku mmoja akauona mji wa Singida unawaka taa. Ameyasema yote hayo kwa lugha ambayo mwaka juzi alikuwa hasomi kwayo somo lolote zaidi ya kipindi cha Kiingereza chenyewe. Na angalia ile “many lights” aliyoitupia mwishoni. Wapo wanafunzi wangu wa kidato cha sita ambao nisingeweza kuwafanya wamalizie sentensi vile. Ulimwuliza habari za baba yake, akakupa kitu kizito alichonacho, ukamrudishia 4 kati ya 15.

Sikugombezi. Ningepata wapi mdomo? Mwaka 1973, nikiwa kidato cha kwanza, nilivishwa kibao chenye kamba ya katani kwa kumwomba mwenzangu sabuni kwa Kiswahili. Naikumbuka kamba ile ilivyokuwa ikinichoma shingoni wakati wa kula, na naikumbuka zaidi njia niliyoibuni ya kukwepa kukivaa tena: nilinyamaza. Muhula mzima nilisema “yes” na “no” tu. Miaka tisa baadaye nikawa mwalimu, nami nikawavisha wengine, kwa moyo mweupe kabisa, nikiamini nawasaidia. Nilikuja kuacha siku niliyogundua kwamba wanaokivaa ni wale wale kila wiki, na kwamba wakiitwa ubaoni hawafungui mdomo. Wale waliojua Kiingereza hawakuwahi kukivaa, na hao hawakukihitaji.

Halafu kuna hili la kujiona umeshindwa. Nilipoanza kazi ndipo Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipomaliza kazi yake, na moja ya mapendekezo yake lilikuwa Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia 1985. Sisi tuliokuwa madarasani tukangoja. Mwaka 1985 ukaja ukapita, Kiingereza kikabaki. Ikaja sera ya elimu ya 2014, likaja toleo lake la 2023, sekondari bado ni Kiingereza. Kilichobadilika ni kwamba tangu 2024 watoto wanaanza kukisoma kama somo darasa la kwanza, na hao bado wako mbali na kidato chako cha pili. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba shimo unalolifukia kila siku ulilikuta. Ukitumia miaka minne kufukia shimo lililochimbwa kwa miaka saba, darasa likiwa na watu 83, usilisome jina lako kwenye kila F.

Hata hivyo yapo yaliyo mikononi mwako, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, maana hii ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote.

Ile “she” ya kijana wako si uvivu. Kiswahili kina “yeye” mmoja tu. Kinyaturu nacho, kama ndugu zake wote wa Kibantu, hakitenganishi. Mtoto huyu hajawahi katika maisha yake kulazimika kufikiria kama anayemtaja ni mwanamume au mwanamke kabla hajafungua mdomo. Hiyo “she was carry me” nayo imetoka moja kwa moja kwenye “alikuwa akinibeba”. Yule anayekwambia “the man whom I talked with him” anatafsiri “mtu niliyezungumza naye”, na anayesema “I am knowing” ana “ninajua” yake kichwani. Watoto hawa wana sarufi, tena sarufi ngumu, ila ni ya lugha nyingine. Mwalimu anayeijua sarufi hiyo anaweza kuwavusha kwa kuitaja waziwazi, kwa Kiswahili, dakika mbili, kisha akarudi kwenye Kiingereza.

Mimi nilikuwa natundika koti upande mmoja wa ubao na kanga upande wa pili. Nasoma sentensi kwa Kiswahili: “Amepika wali.” Darasa linauliza kwa sauti moja: “Nani?” Nasema “Juma,” mtoto anakimbilia kwenye koti anasema “He cooked rice.” Nasema “Dada yake,” anakimbilia kwenye kanga. Wiki nzima nilikuwa nasahihisha hicho tu. Daftari likija na makosa 20, nagusa “he” na “she” peke yake, mengine nayaacha yalale. Wiki inayofuata tunahamia kwenye lingine. Wenzangu waliniona nimekuwa mzembe. Lakini mtoto anaweza kubeba kosa moja akaenda nalo nyumbani. Makosa 20 hayabebeki, na wewe mwenyewe madaftari 83 yenye wino mwekundu kila ukurasa yatakumaliza kabla ya Juni.

Kuhusu mkuu wa shule, usimchukie. Naye ana ofisi ya elimu ya wilaya inayomuuliza namba. Alikosea kukusemea mbele ya watu, lakini hilo lisikuzuie kumfuata ofisini. Ila usiende na machozi wala na hotuba. Chukua matokeo ya mwaka jana, weka alama kwenye majina ya waliokuwa wakija Jumatano mara kwa mara, uone wao walipata nini na wasiokuja walipata nini. Sijui utakuta nini, na ukikuta hakuna tofauti, ukubali kwamba kikundi kinahitaji kubadilishwa. Ukikuta tofauti, unayo karatasi ya kuweka mezani kwake kando ya ile yake. Kisha mpe njia ya kutokea: mwambie Jumatano moja mtasoma na kujadili, inayofuata mtafanya maswali ya mitihani iliyopita. Ufahamu, muhtasari na uandishi wa insha vimo ndani ya mtihani huo huo wa taifa, na mtoto anayesoma hadithi kila wiki havimtishi. Ukiwa hapo hapo mwombe akiondoe kibao. Akikataa, siku zako za zamu kibao kikae kabatini.

Sasa Dodoma.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Ukienda, hutakuwa umewakimbia. Mwalimu si mkimbizi kwa kuwa ametaka kulala nyumba moja na watoto wake. Kuna watoto wawili Dodoma ambao wana mama mwalimu wa Kiingereza na wanamwona mwisho wa mwezi. Nao ni wanafunzi wako. Nilishangaa kwamba katika barua yote umewataja kwa mstari mmoja, na huo nao umeupita mbio.

Lakini njia uliyowekewa mbele si hiyo moja. Wewe, mumeo na mama yako mnabishana kama vile kuna mawili tu, kubaki Singida au kuacha serikali. La tatu ni uhamisho wa kumfuata mwenza. Ni sababu inayotambulika katika utumishi, na siku hizi maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Ambatanisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mumeo. Inaweza kuchukua muda, na ombi la kwanza linaweza kukataliwa. Omba tena. Dodoma nako kuna shule za kata zenye watoto 83 darasani na wanaoandika “my father she”, na nadhani moyo wako uko kwa hao. Nimekusoma: ulipotaja watoto 30 wa shule ya binafsi hukuandika neno hata moja kuhusu utakachowafundisha. Ulipoitaja Jumatano, uliandika hadi mti mnaokaa chini yake.

Kuna na hesabu. Kwa miaka yako 11 una michango ya kama miezi 132 PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na pensheni ya uzeeni inataka miezi 180. Ukihamia sekta binafsi utachangia mfuko mwingine, NSSF. Kabla hujasaini karatasi yoyote nenda ofisi ya PSSSF uulize michango yako itaunganishwaje, nao wakujibu kwa maandishi. Iulize na shule hiyo: mkataba ni wa muda gani, wakati wa likizo mnalipwa, na mwalimu wa mwisho wa Kiingereza aliondoka kwa nini? Mshahara wa mara mbili kwa mkataba wa mwaka mmoja si mara mbili ya chochote. Na ujue kwamba kurudi serikalini baada ya kuacha kazi ni safari ndefu.

Liko pia jambo la 2028, ambalo naona walimu wengi hawalizungumzi vya kutosha. Watoto walioanza darasa la tatu 2024 kwa mtaala mpya watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita 2027, mwaka ule ule wanaomaliza kundi la mwisho la darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatapiga hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Hebu piga picha vyumba hivyo. Siku hiyo mwalimu anayejua kumvusha mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mwenye miaka 11 ya kujifunza kwa kukosea, atakuwa anahitajika sana kwenye shule za umma. Ningependa uwe mmoja wao, Singida au Dodoma.

Kwa hiyo jibu langu, kwa kuwa umeniuliza moja kwa moja: usiache kazi mwezi huu. Waambie shule ile asante. Omba uhamisho. Ukiona mwaka na nusu umepita milango imefungwa, na nyumba yako inalegea, basi nenda binafsi ukiwa na amani, na ufundishe huko kwa moyo huo huo. Yule binti mwambie ukweli, kwamba huenda siku moja ukahama, na kuanzia wiki hii mpe yeye na wenzake wawili zamu ya kuongoza Jumatano, wewe ukiwa umekaa nyuma. Ndivyo swali lake litakavyojibiwa.

Nimerudi kwa kijana.

Wiki tano si nyingi, ila kila wiki inayopita inamzoesha kuwa mtu aliyeacha shule. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu walioacha masomo kwa sababu mbalimbali warudi katika shule za kawaida, kwa hiyo hakuna atakayekuzuia kwa karatasi. Nenda kwao Jumamosi hii. Usimtume mtendaji wa kijiji. Mtendaji akifika mlangoni mama wa mtoto ataona faini, na kijana atapitia nyuma ya nyumba. Nenda na mwalimu wake wa darasa, au mzee mmoja wanayemheshimu. Kama ni wakati wa alizeti utamkuta shambani au mashineni akibeba magunia. Mkute huko huko, msaidie hata gunia moja kama mgongo unaruhusu. Mwombe radhi mbele ya mama yake, kwa Kiswahili, kwa maneno machache: nilikuvisha kibao, nilikosea, darasa lina nafasi yako. Usimwahidi chochote kuhusu mtihani. Na kama hatarudi, radhi yako iwe imemfikia hata hivyo.

Daftari lake bila shaka liko kwenye rundo pale ofisini. Kabla hujapanda pikipiki, lifungue ukurasa ule. Kata ile “Work harder” kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa kalamu ya bluu, mwandikie swali: “What did he tell you when you saw the lights?” Ataiona “he” yako imekaa pale, naye hajasahihishwa na mtu. Mpe daftari mkononi, na kalamu pamoja nalo.